Oparesheni ileile, paja lilelile, mmoja anatembea mwingine kidonda hakikauki. Huwa shida ni nini?

Zabibu Kavu
Mbukwenyi wadau. Naombeni mnisaidie maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mimi ndo naonekana mbishi. Dogo langu alipata ajali ya boda njia ya kwenda Ihumwa, paja likavunjika, akafanyiwa oparesheni akawekewa chuma cha ndani (sio ile antena ya nje). Kitanda cha pembeni alikuwepo kijana mwingine, naye boda, naye paja, dokta huyohuyo, chuma kilekile. Yule saa hii nakutana naye Sabasaba anatembea hata gongo hana. Dogo wetu hawezi kukanyaga mpaka leo, na pale kwenye mshono kamebaki katundu kadogo, ukibonyeza pembeni kanatoa kimaji cha njano, kanakauka siku mbili tatu tunashukuru Mungu, afu kanafunguka tena. Mama anasema kuna mtu ana mkono wake hapo. Baba mdogo anasema dokta alitufanyia kazi ya hovyo kwa vile hatukumtoa chochote. Hospitali sitaji, sijaja kuchafua mtu. Nataka kuelewa tu, kwa nini mwili wa yule umekubali na wa huyu umegoma?

Chapa Ilale
Naweka kiti hapa, wajuzi wanakuja.

Mwana wa Bahi
Mkuu usimpuuze mama. Kuna vitu havionekani kwenye eksirei. Huku kwetu kuna mzee anaunga mifupa, anakanda na kufunga mbao, watu wanatoka hospitali wameshindikana wanaenda kwake wanapona. Jaribuni pande zote.

Nesi wa Zamu
Zabibu mdogo wangu, pole sana. Nimetoka zamu ya usiku mniwie radhi nikichapia. Nipo wodi ya upasuaji siku zote na swali lako tunaulizwa na ndugu wa wagonjwa kila wiki, na karibu kila wiki ndugu wanalinganisha kama wewe: mfupa uleule, dokta yuleyule, chuma kilekile. Hivyo ndo mlivyoviona. Sasa nikuulize ambavyo hamkuviona. Siku anaingia HB yake (kipimo cha wingi wa damu) ilisoma ngapi? Sukari alipimwa? Anavuta sigara? Anakula nini na nani anampikia? Anashinda wapi, kitandani au anatoka nje?

Ila kabla hujajibu hayo, hako katundu. Kidonda kinachofunga na kufunguka juu ya mfupa wenye chuma sio cha kukaa nacho nyumbani mkisubiri kikauke. Bakteria wakishika kwenye chuma wanajijengea utando, wanakaa chini yake, dawa inapita juu kwa juu na askari wa mwili hawafiki. Ndo maana kinakauka ukimeza vidonge na kinarudi ukimaliza. Arudi hospitali apigwe picha upya, usaha wachukue sampuli kwa njia safi waipeleke maabara wauoteshe wajue ni mdudu gani na anakufa kwa dawa ipi, na wapo wanaohitaji kufunguliwa na kusafishwa tena. Na wewe Mwana wa Bahi nakuheshimu ila paja lenye chuma ndani na usaha juu likikandwa ni balaa. Hata kwa mfupa usio na chuma, zile mbao zikikazwa sana damu haipiti, nimepokea watoto vidole vya mguu vya baridi, vyeusi, mtoto hasikii hata ukimfinya. Hapo kinachofuata ni kukata.

Chapa Ilale
Nimejisikia kizunguzungu kusoma.

Zabibu Kavu
Dada nesi shukrani sana. Nimetoa makaratasi yake yote hapa. HB imeandikwa 8.4. Sukari sioni popote, labda walipima hawakuandika. Sigara anavuta, tena sasa ndo zaidi kwa sababu hana kazi anakaa tu na mawazo. Chakula anapika shangazi. Shangazi kakataza kabisa mayai, nyama na maharage, anasema vinatonesha kidonda vinaleta usaha. Kwa hiyo anakula ugali na mlenda, asubuhi uji mweupe. Kutoka nje hatoki, tunamwambia apumzike mfupa ushike.

Nesi wa Zamu
Haya, sasa umejijibu mwenyewe nusu ya swali.

Tuanze na damu. Mwanaume mzima kwa kipimo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) anatakiwa 13 kwenda juu, mwanamke asiye na mimba 12. Dogo alikuwa na 8.4. Paja likivunjika linamwaga damu nyingi kwa ndani hata kama nje huoni tone, na hapo bado oparesheni yenyewe. Damu ndo bodaboda inayobeba oksijeni mpaka pale kwenye jeraha, na bila oksijeni nyama mpya haioti, na zile chembe nyeupe zinazoua bakteria zinakosa nguvu. Sasa huyo mtu boda zake zimepungua, halafu anawasha sigara. Moshi wa sigara una kaboni monoksidi na hiyo inashika siti kwenye damu kuliko oksijeni yenyewe, kwa hiyo hata boda chache zilizobaki zinapita zimebeba abiria asiye na faida. Juu yake nikotini inabana mishipa midogo. Mfupa wa mvutaji unachelewa kuunga, hilo liko wazi miaka yote. WHO wanasema mtu akiacha wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hatari ya matatizo inapungua. Kwa ajali hamna anayepanga wiki 4 kabla, najua, ila kuacha leo kuna faida leo, ile kaboni monoksidi inaanza kupungua ndani ya siku.

Kuongezewa damu sio lazima kwa kila mwenye 8, madaktari wengi wanaongeza ikishuka chini ya 7, au 8 kwa upasuaji wa mifupa na kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Lakini kutoongezewa haimaanishi mambo yaishie hapo. Alitoka na dawa za madini ya chuma? Akazimaliza? Au zilimfanya choo kiwe cheusi akaogopa akaacha? (Wengi wanaacha hapo. Choo kuwa cheusi ukimeza vidonge vya chuma ni kawaida.)

Sasa shangazi. Mwambie kwa heshima zote, maana hii imani iko mikoa yote, ila inatuua. Usaha hautoki kwenye yai. Usaha ni bakteria na chembe nyeupe zilizokufa zikipigana nao. Nyama ya kuziba kidonda inajengwa kwa protini, na chembe hizo nyeupe nazo zinahitaji protini. Mtu aliyetoka kwenye upasuaji mkubwa anapendekezewa kama gramu moja na nusu ya protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Dogo tuseme ana kilo 60, hapo ni gramu 90. Yai moja lina kama 6. Kikombe cha maziwa 8. Maharage yaliyoiva gramu mia yana 8 au 9. Dagaa wakavu ndo mfalme, katika gramu mia zaidi ya nusu ni protini tupu. Sasa piga hesabu ya uji mweupe.

Mgogo Orijino
Mlenda jamani mlenda uacheni, umekosa nini 😂

Nesi wa Zamu
Mlenda haujakosa kitu, ubaki hapohapo. Uungwe karanga, pembeni dagaa, na yai kila siku. Na uji ubadilike, wa uwele, utiwe karanga na maziwa. Uwele wetu una madini ya chuma kushinda sembe nyeupe. Na chungwa au embe pembeni kwa sababu vitamini C inasaidia chuma kuingia, na chai asinywe pamoja na chakula, asubiri saa moja hivi, chai inakizuia hicho chuma.

Fundi Rangi Majengo
Vipi supu ya makongoro? Mimi nilivunjika mkono niliambiwa ninywe asubuhi na jioni, nikanywa mpaka ng'ombe wakiniona wananikimbia.

Nesi wa Zamu
Inywe tu, ina chumvi na mafuta inamrudishia mtu hamu ya kula. Ila ile gundi haiendi moja kwa moja ikabandike mfupa, tumboni inasagwa kama protini nyingine na ni protini isiyokamilika. Hela ya makongoro ya wiki ukinunua trei ya mayai umefanya la maana zaidi.

Kiongozi wa Nkuhungu
Haya yote mnayosema ni sawa lakini tusijifanye hatuoni. Mwenye hela akienda hospitali ya kulipia anapona, maskini anaoza. Hapo ndo kuna jibu, mengine siasa.

Mtu wa Usingizi
Nadandia hapo kiongozi. Mimi kazi yangu nusu kaputi na ganzi ya mgongo. Hela inasaidia, sibishi, nani abishe. Lakini vitu vingine vinavyookoa watu ni vya bei rahisi mno na vinasahaulika kote, kwa wenye hela na wasio nazo. WHO walitoa orodha ya ukaguzi wa usalama chumba cha upasuaji mwaka 2008, karatasi moja, vipengele 19: mgonjwa ni huyu kweli? upande gani unapasuliwa? ana mzio wa dawa? antibayotiki kapewa kabla ya kisu? pamba na vifaa vimehesabiwa vikatimia? Waliijaribu hospitali nane duniani, London, Seattle, Toronto na kwingine, na moja ilikuwa hapahapa kwetu Ifakara. Majibu yakatoka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Karatasi, kalamu, na watu kusimama kidogo waulizane kwa sauti. Hapo hamna tofauti ya shilingi.

Kingine ambacho watu hawakifikirii ni baridi. Mtu akiwa kwenye usingizi mwili unashindwa kujipasha. Kuna utafiti wa 1996 wa Austria, wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo, waliopashwa joto wakati wa oparesheni vidonda vilipata maambukizi kwa asilimia 6, walioachwa wakapoa asilimia 19. Mishipa ya ngozi inajibana, tunarudi kulekule kwa oksijeni kutofika. Sasa wewe kaa Dodoma mwezi wa sita au wa saba na ule upepo wetu, mgonjwa kalala kwenye korido na shuka moja jembamba anasubiri zamu yake. Leteni blanketi. Likikataliwa kuingia ndani angalau atakuwa na joto mpaka mlangoni.

Mama Pacha DOM
Mtu wa usingizi umenigusa, na mimi nitoe la moyoni. Nilizaa kwa kisu, hospitali siitaji. Niliambiwa nisile wala nisinywe kuanzia saa sita usiku, asubuhi nikakaa, mchana nikakaa, ikaja dharura nyingine (sawa dharura ni dharura) nikaingia jioni, midomo imekauka kichwa kinagonga. Kutoka huko nikaambiwa tena nisile mpaka nitoe hewa. Nikirudi nyumbani mama mkwe ana sufuria la maji ya kuchemka ananisubiri anikande. Nikasema mama, mshono huu! Akasema sisi wote tulikandwa. Ikabidi mume aingilie kati. Sasa niulizeni, hivi kweli kukaa na njaa kutwa nzima kunasaidia kupona?

Mtu wa Usingizi
Mama Pacha pole. Miongozo ya sasa chakula kigumu mwisho ni masaa 6 kabla ya oparesheni, lakini maji au chai ya rangi isiyo na maziwa unaruhusiwa hadi masaa 2 kabla kwa mtu asiye na shida ya tumbo. Sababu ya kukataza ni usije ukatapika ukiwa umelala matapishi yakaingia kwenye mapafu, hiyo hatari ni ya kweli, msije mkala kwa siri mkaficha. Tatizo ni kwamba ratiba za oparesheni zinasogea, basi watu wanaambiwa wote "kuanzia saa sita usiku" ili iwe rahisi. Uliza: mimi ni wa ngapi? naweza kunywa maji hadi saa ngapi? Ukiuliza kwa adabu unajibiwa. Na baada ya kisu cha uzazi, kama hamna tatizo, kunywa na kula kidogo kidogo mapema kunarudisha utumbo kazini haraka kuliko kusubiri hewa. Kuna daktari wa Denmark anaitwa Henrik Kehlet, kuanzia miaka ya 90 alikusanya vitu hivi vidogo vidogo, kutofunga muda mrefu, maumivu yadhibitiwe vizuri, mipira (ya mkojo na kadhalika) itolewe mapema, mgonjwa ashuke kitandani mapema, akavifanya kwa pamoja na watu wakaanza kwenda nyumbani siku nyingi kabla. Hakuna dawa mpya hapo.

Nesi wa Zamu
Na maji ya kuchemka kwenye mshono hapana. Tumbo limekatwa, ngozi pale ina ganzi, mzazi anaungua hasikii. Mama mkwe akitaka kukanda akande mgongo na miguu kwa maji ya vuguvugu, mapenzi yake yapokelewe huko. Akipika ule uji wa pilipili manga mnywe mpaka mwisho, huo hauna neno.

Mzee wa Kondoa
Vijana, mmeuliza sukari mkaipita haraka. Mimi nilichomwa na mwiba shambani, kidole cha mguu. Nikapaka mafuta, nikaendelea na shughuli. Kidole hakiumi kwa hiyo nikajua kidogo tu. Nilipokuja kutoa kiatu siku nikasikia harufu nikadhani panya kafia chumbani. Kumbe ni mimi. Hospitali wakapima, mashine ikaandika 19. Sikuwahi kujua nina kisukari, nilijua kukojoa usiku ni uzee. Kidole kimoja hakipo sasa.

Nesi wa Zamu
Mzee wangu shikamoo, na pole sana. Wadau someni hiyo mara mbili, hasa pale aliposema hakiumi. Sukari ikiwa juu muda mrefu inaua neva za miguuni, kwa hiyo kengele ya maumivu hailii. Inaharibu mishipa midogo, damu haifiki. Na inalegeza zile chembe nyeupe, bakteria wanapata karamu. Mtu kabla hajala akisoma 7 au zaidi, ikarudiwa ikawa hivyo, huyo ana kisukari. Wakati wa upasuaji tunataka isipite 10. Na sio wenye kisukari tu, ajali na maumivu yenyewe yanaweza kupandisha sukari ya mtu mzima wa afya kwa siku kadhaa, ndo maana nilimuuliza Zabibu, kijana wa boda watu wanaona hana haja ya kupimwa. Kuna kipimo kingine kinaonyesha wastani wa sukari ya miezi kama 3 iliyopita, HbA1c, hicho ukifunga kula jana yake tu ili uonekane vizuri hakidanganyiki.

Nigusie na VVU maana watu wanaogopa kuuliza. Anayetumia dawa vizuri na virusi vimefubaa anapona vizuri tu, asinyimwe upasuaji na asijinyime. Anayeficha akaacha dawa wodini ili jirani wa kitanda asione ndo anaumia. Mwambieni nesi pembeni, tunajua namna ya kukupa bila kelele.

Kiongozi wa Nkuhungu
Kupima vyote hivyo ni hela. HB hela, sukari hela, kuotesha usaha hela. Bima hana.

Gongo na Magoti
Kiongozi, sukari ya kidoleni na HB ni vipimo vya bei ya chini kabisa hapo dirishani. Ukilinganisha na kulazwa mara ya pili na kufunguliwa upya, haviingii hata kwenye hesabu. Kuotesha usaha ndo inauma mfuko kidogo, nakubali, ila kuna watu wametumia zaidi ya hiyo kwa kununua vidonge duka la dawa kimoja kimoja. Bima anatakiwa akate kabla, hilo tunajua wote na wote tunalisahau.

Mimi ni wa mazoezi ya viungo, ngoja niseme langu, naona Zabibu kaandika "tunamwambia apumzike mfupa ushike". Hapana mkuu. Chuma cha ndani kinawekwa ili mtu ainuke, sio alale. Yule kijana mwingine uliyemwona Sabasaba nina uhakika kuna mtu alimburuza kitandani mapema. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007, wazee wenye afya zao, hawana ugonjwa wowote, wakalazwa siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku 10! Sasa dogo amelala miezi. Goti linakakamaa, paja linakuwa jembamba kama mkono, damu inalala kwenye mishipa ya mguu inaweza kuganda, donge likipanda kwenye pafu mtu anakata roho akiwa anaongea na wewe. Na mfupa wenyewe unahitaji kubebeshwa uzito kidogo kidogo ili uunge imara.

Ila kwa kuwa ana usaha asianze kukanyaga kwa ushauri wa mtandaoni, dokta aone picha kwanza aseme akanyage kiasi gani. Wakati anasubiri: akaze msuli wa paja goti likiwa limenyooka ahesabu hadi tano aachie, arudie, akunje vifundo juu chini, akae pembeni ya kitanda, avute pumzi ndefu. Hivyo havihitaji kukanyaga.

Na kwa anayeuguza mtu asiyeweza kujigeuza kabisa, kiharusi au mgongo: mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Pandisha shuka uangalie juu ya makalio na visigino. Ukiona alama nyekundu, bonyeza kwa kidole. Isipofifia ukibonyeza, kidonda kishaanza hapo chini hata kama ngozi haijachanika. Kwa mwenye ngozi nyeusi sana wekundu hauonekani, shika, utasikia pamekuwa pa moto au pagumu kuliko pembeni.

Mwanachuo UDOM
Mimi naona kuna kitu mmepita. Zabibu kasema dogo anavuta kwa mawazo. Mawazo ya nini?

Zabibu Kavu
Boda ilikuwa ya mkataba. Tajiri anataka hesabu yake. Na mchumba kapunguza simu. Usiku halali, nikiamka saa nane namkuta anaangalia simu.

Mwanachuo UDOM
Basi hilo nalo ni la kitabibu, sio pembeni. Asiyelala na mwenye msongo wa mawazo kinga inashuka, kidonda kinachelewa, na maumivu anayasikia makali zaidi. Mtu aliyekata tamaa hafanyi mazoezi, hamezi dawa kwa wakati, wala hali chakula. Kwa wenye kiharusi karibu theluthi moja wanapata sonona na wengi hakuna anayeshtuka, wanaambiwa wavivu. Kuna utafiti maarufu wa Roger Ulrich, 1984: hospitali moja Pennsylvania, waliotolewa kifuko cha nyongo, wengine dirisha lao linaona miti, wengine linaona ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu chache. Watu 46 tu kwa hiyo msiuchukulie kama msahafu, ila mtoeni dogo nje akae kivulini, ni bure.

Mgogo Orijino
Tatizo Dodoma ukimwambia mtu akaongee na wataalamu wa akili anasema mnanipeleka Mirembe (hospitali ya wagonjwa wa akili) 😅

Mwanachuo UDOM
Ndo hivyo. Na anayesema hivyo ndo anayehitaji. Sio lazima aanzie huko, hata kliniki ya kawaida amwambie dokta halali. Na wewe Zabibu kaongee na tajiri wa boda kwa niaba yake, mwambie hali ilivyo mbele ya mjumbe, mpange malipo. Hiyo nayo ni matibabu.

Mwana wa Bahi
Nimesoma yote. Mimi siondoi kauli yangu kuhusu mzee wetu, ana mkono mzuri kwa kuteguka. Ila kwa chuma na usaha nimekubali, mpelekeni hospitali.

Zabibu Kavu
Wakuu mmenitoa gizani. Mama nimemsomea uzi wote, kanyamaza, kasema apelekwe ila maombi yaendelee, nimesema sawa. Shangazi ndo bado, anasema hao wa kwenye simu hawajawahi kuuguza mtu 😂 Jumatatu tunaenda na makaratasi yote. Kuna la kumwambia dokta tukifika?

Nesi wa Zamu
Mwambie kila dawa aliyomeza tangu atoke, pamoja na zile za duka na za miti, usione aibu, nyingine zinagombana na ganzi au zinafanya damu isigande. Mwambie anavuta. Kama bado anameza antibayotiki sema mapema kabla hawajachukua usaha, maana inaweza kufanya maabara isiote kitu ikaonekana hamna mdudu. Asiache mwenyewe lakini, dokta aamue. Na ule unga wa kapsuli za rangi mbili kama kuna mtu anamwaga kwenye kidonda (huwa yupo, kila nyumba) usitishwe leo. Mkisafisha: mikono kwanza kwa sabuni, maji yaliyochemshwa yakapoa na chumvi kidogo, kitambaa safi, basi. Iodini na spiriti kila siku vinaunguza nyama changa.

Akiwa na homa, mguu ukavimba ghafla, au akahema kwa shida, msingoje Jumatatu.

Binti wa Mpwapwa
Samahani naingilia uzi wa watu. Mama yangu ana oparesheni ya ngiri wiki ijayo, ana presha. Nimemnunulia wembe anyoe nyumbani asiwasumbue. Kuna kingine?

Mtu wa Usingizi
Wembe utupe mdogo wangu. Wembe unaacha mikwaruzo midogo usiyoiona na bakteria wanaingia humo, WHO wanakataza kunyoa kwa wembe kabla ya upasuaji. Kama nywele zinasumbua watazipunguza wao kwa mashine. Aoge tu vizuri na sabuni usiku na asubuhi. Dawa za presha asiache wala asimeze kwa kujiamulia, aulize kliniki ipi anameza asubuhi hiyo na maji kidogo na ipi anairuka. Meno ya bandia aseme. Na rangi ya kucha atoe, kile kifaa tunachobana kidoleni kusoma oksijeni kinasumbuliwa na rangi.

Binti wa Mpwapwa
Hana rangi, ana hina. Alikuwa na harusi ya mjukuu, imekolea nyeusi kabisa haitoki leo wala kesho.

Mtu wa Usingizi
Aje nayo, awaambie tu mapema. Tutabana kwenye sikio.